Alichofuta Amri Moja

Siku Amri Moja alipofuta matokeo ya shule nzima, hakuna aliyeshtuka kuliko yeye mwenyewe.

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshasahaulika. Ukimpelekea tatizo la kompyuta alinyoosha vidole, akasema, "Hiyo ni amri moja tu," akaandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi na tatizo likaisha. Au likahamia kwingine, lakini hilo hakulitangaza.

Kila chenye waya alikuwa na maoni juu yake. Kipanya, alisema, ni cha watu wanaonyooshea bidhaa kidole dukani kwa kuwa hawajui majina yake. Programu inayokukamilishia maneno ni mjomba wa harusini: hujamaliza sentensi ameshaimalizia, tena vibaya. Na mfumo endeshi, ule unaoiendesha kompyuta yenyewe, ukiwa wa kununua ni gari la kukodi lenye dereva msemaji. Yeye alitumia ule wa bure, na aliusifu kana kwamba ameuzaa.

Alhamisi hiyo asubuhi alikuwa ofisini kwa karani wa shule, dada wa mkewe, akijaribu toleo jipya la programu ya matokeo aliyoiandikia shule. Wanafunzi mia saba, masomo tisa, na wazazi wanakuja Jumatatu kuchukua ripoti. Kwenye skrini alikuwa na madirisha mawili meusi: moja la mashine yake ya majaribio, jingine la mashine ya shule, iliyofungiwa kabatini. Yalifanana kama punje za mchele.

"Shemeji, hayo mawili unayatofautishaje?" aliuliza karani, huku akigonga muhuri barua.

"Mchungaji hawavishi ng'ombe wake kofia, shemeji. Anawajua."

Akafuta data za majaribio ili aanze upya. Kisha akasoma jina la mashine mwanzoni mwa mstari. Lilikuwa la shule.

Akaorodhesha mafaili: hakuna kitu. Akaorodhesha tena, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Nakala ya akiba ilikuwepo, ndiyo, kwenye mashine ile ile, folda ile ile, ikisubiri kuhamishwa tangu mwaka jana. Nayo imekwenda na wenzake.

"Mbona umekuwa kama umepigwa shoti?"

"Matokeo hayapo."

"Hayapo wapi?"

"Hayapo popote."

Karani aliweka muhuri chini taratibu. Akaitazama skrini, ambayo kwake ilikuwa nyeusi kama siku zote.

"Ni hiyo mashine ya kabatini," alisema. "Si kila siku unasema mfumo wake umezeeka, utatuua? Ngoja nimwambie mkuu wa shule mfumo umekufa."

Mlango wa kutokea huo hapo, wazi kabisa. Miaka mitatu aliusema vibaya mfumo ule. Leo angeuzika, na pole angepewa yeye. Akafungua mdomo akubali. Kilichomtisha kuliko hata skrini tupu ni jinsi uongo ulivyokuwa tayari ulimini, umeshavaa viatu.

"Mfumo ni mzima," alisema. "Umefanya nilichouambia. Nimefuta mimi."

"Unatania."

"Sitanii."

"Wewe unatania kila siku, shemeji. Leo nitajuaje?"

Akamwekea kidole kwenye jina la mashine, mwanzoni mwa mstari: la shule. Karani akakaa, na ni bahati tu kwamba kiti kilikuwepo.

"Kila mwalimu ana daftari lake la alama," alisema karani. "Utaingiza zote upya, wewe. Na madaftari utayaomba wewe, kwa mmoja mmoja, ukisema kwa nini unayataka."

"Kwa wote tisa?"

"Umefuta masomo mangapi?"

Akaanza na mwalimu wa hisabati, mzee asiyegusa kompyuta hata kwa fimbo. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Rudia. Uliyafuta mwenyewe, ukiwa macho?"

"Nikiwa macho, mwalimu."

"Saa tatu hii ya asubuhi?"

"Ndiyo."

Mwalimu alimtazama kama anayemtafutia jeraha. Akafungua droo ya meza, akatoa daftari lenye jalada la gazeti. Amri Moja akanyoosha mkono kulipokea, lakini lilikuwa limeshikwa upande wa pili, tena kwa nguvu.

"Halitoki chumbani humu," alisema mwalimu. "Nakili hapa hapa, kwa mkono, nikikuona."

Amri Moja akaomba kalamu.