Mke wangu na goti lake bovu, mpaka ndani ya pango la Buddha Sri Lanka

Wakuu, heshima kwenu wote.

Naandika kutoka Landani, na chumvi sijatia. Nilikuwepo mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa dereva wa basi, tunaishi mtaa wa Thamesmead. Mke wangu Mwanaidi, mtu wa Pemba, alikuwa care worker, kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Siku moja kazini akimnyanyua mgonjwa, goti likaachia. Akafanyiwa operation. Physio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwambia ngazi ndefu azisahau.

Sasa dereva mwenzangu, mtu wa Sri Lanka, akawa anaoza binti kwao. Akatualika familia nzima. Baada ya harusi akatupeleka Dambulla, kwenye hekalu la pangoni la zaidi ya miaka elfu mbili.

Kumbe pango lenyewe liko juu ya mwamba! Ngazi unaziangalia mpaka shingo inauma.

Nikamwambia, "Mama Salma, kaa hapa chini, tutakuhadithia."

"Nimetoka Landani nije kuhadithiwa?"

Akapanda. Mguu mzima unatangulia, mbovu unafuata, mkono begani kwa binti yetu Salma. Katikati akakaa chini, machozi yanamtoka kwa maumivu. Nikasema turudi. Akajifunga mtandio kiunoni, akaendelea.

(Mimi na magoti yangu mazima nilivyokuwa nahema, msiniulize.)

Juu tukavua viatu kama msikitini, tukaingia. Ubaridi, giza, harufu ya maua. Macho yalipozoea nikamwona Buddha amelala, kachongwa kwenye mwamba huohuo, mrefu kuliko basi langu. Dari lote michoro, utadhani limetandikwa kanga.

Najua kuna atakayeuliza Waislamu tulifuata nini. Tulikwenda kutazama, tukaheshimu ya wenyewe, basi.

Mwanaidi alimtazama toka kichwani mpaka miguuni. Kisha akasema, "Baba Salma, hiki kitu watu wamekichonga kwa mikono."

Salma kazaliwa Landani. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu English. Pale pangoni akamkumbatia mama yake, akamwambia, "Mama, umeweza."

Kwa Kiswahili, wakuu!

Nikatoka nje haraka, nikajifanya naangalia mandhari.

Nilichojifunza: mgonjwa wako akitaka kujaribu, mpe bega kabla ya kumpa huruma. Mpaka leo nikimtambulisha Mwanaidi kwa watu, naanza na mwamba ule, jina linafuata.

Na wewe, nani nyumbani kwako alishawahi kukutoa machozi ya fahari? Mwageni hapa tusome.