Meza ya Pekee Bwaloni

Ndugu zangu, ninaandika kuwaomba chakula, ingawa leo nimeandaa chakula na mwanzoni hakuna aliyekigusa.

Bei ya kahawa imeanguka, na baadhi ya wanafunzi wa chuo chetu hapa Mbinga wanashinda njaa. Nikiwa afisa mpya wa ustawi wa wanafunzi, niliwatengea meza yao bwaloni. Ugali, maharage, hata usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Hakuna aliyeikaribia!

Nilimwita binti mmoja wa kijiji cha Mbuji, ambaye jana aliniambia kwamba anaacha masomo.

"Nimeshiba, Afisa," akajibu, macho chini.

Mama Kinunda, mlezi wa wanafunzi, akanivuta kando. "Mwanangu, umewatenga kama wagonjwa! Sisi Wamatengo tumelelewa kwenye sengu. Ukoo wote hula pamoja, na hakuna anayejua ni kwa nani chungu kimekauka."

Akahamishia sufuria meza kubwa, akaketi, akaita, "Wee binti, njoo! Unataka nipasuke peke yangu?"

Binti akacheka. Akanawa mikono.

Hajasema kama atabaki. Lakini amekula.

Nanyi mngefanyaje?

Sasa tutakula sote, wahadhiri na maafisa pia. Mwenye mahindi, maharage au usipa alete, kisha aketi nasi: Jumamosi, saa saba mchana, bwaloni.