Meza Moja kwa Wazee wa Dien Bien Phu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Lanham, Marekani, nilipewa mkanda mpana wa kumfunga mzee kiunoni ili asianguke unapomwinua. Nikajifunga mwenyewe nikidhani ni sehemu ya sare. Msimamizi wa zamu alicheka hadi akakaa chini. Ninyi vijana mnafundishwa hayo kwa video. Sisi tulifundishwa kwa kuchekwa.

Baadaye nilihamia nyumba nyingine ya wazee, Springfield, chini ya Muuguzi Mkuu, Mkenya wa Nyeri, mama mkali aliyetaka kila kitu kiandikwe. Huko nilimkuta Mzee Luc, Mfaransa wa miaka tisini na ushee, aliyegoma kula. Kila Jumatatu tulimpima uzito, na kila Jumatatu ulikuwa umepungua. Daktari akasema sasa atalishwa kwa mpira tumboni, na binti yake angekuja Ijumaa kusaini karatasi. Niliumia, maana nilimpenda mzee yule na ubishi wake.

Pale kila mzee alipangiwa meza kulingana na chakula alichoandikiwa, na Luc alikaa peke yake. Mimi ni mtu wa Moshi; kwetu hata mpita njia hukaribishwa chakula. Nilikuwa nimesikia kwamba Mzee Tho, Mvietnam aliyeletwa Marekani na mwanawe, anajua Kifaransa. Basi Jumanne, bila kumwuliza mtu, nikamsukuma Luc na kiti chake cha magurudumu hadi mezani kwa Tho, nikawakaribisha, nikaenda zangu kuleta chai. Niliporudi walikuwa wakifokeana, Tho akigonga meza kwa kijiko.

Mama Béa, mwenzangu wa Bukavu, ndiye aliyeelewa Kifaransa chao. "Ee dada, umefanya nini? Bazee hawa walipigana vita moja, kila mutu upande yake!"

Vita yenyewe ilikuwa ya Dien Bien Phu, bonde ambamo Wavietnam waliwazingira Wafaransa hadi wakasalimu amri, na ukoloni wao kule ukaisha. Luc alitekwa pale. Tho alikuwa akisukuma baiskeli iliyosheheni mchele wa wapiganaji wa uhuru.

Muuguzi Mkuu aliniita ofisini. "Nani alikuambia u-move mgonjwa bila ku-check na mimi? Na kama angepata heart attack?"

Niliomba radhi, nikijua kibarua kimeota nyasi.

Kesho yake Luc akaikataa meza yake. "Nipeleke kwa yule mwongo," aliniambia kwa Kiingereza chake kizito. "Ati mvua haikuwa kubwa! Mimi nililala matopeni."

Nikamtazama Muuguzi Mkuu. "Mpeleke," akasema, "lakini usitoke hapo."

Tho alimsogezea Luc bakuli lake la wali, akanung'unika kitu. Mama Béa, ambaye baiskeli huiita kinga, akanitafsiria: "Anasema, muchele ya kwenye kinga haikukuwa yake ya kugawa. Hii anamupatia." Luc akaomba kijiko.

Sasa nimestaafu, magoti yamechoka kuinua watu. Mkiniuliza kazi ile ilinipa nini, nawasimulia Ijumaa ile. Binti aliingia na karatasi zake akamkuta baba yake akibishana na Tho huku mdomo umejaa wali.

"Baba, huyu ni nani?"

"Alikuwa adui yangu," akajibu Luc. "Vuta kiti, umsalimie."