Mbavu za Tangi la Lualaba

Siku ya kwanza kazini, katika atelie moja ya kuchomelea vyuma huko Kasongo, shefu hakunipa mashine ya kuchomelea. Alinipa chaki na kopo la mafuta ya taa. "Paka chaki upande huu wa mshono, mafuta upande ule. Chaki ikilowa, kuna ufa, unaanza upya. Na usinililie hapa."

Nilianza upya mara nyingi, wala sikulia. Nikahamishiwa Salamabila kuchomelea matangi ya mazutu, mafuta ya dizeli, ya wachimba dhahabu. Kisha nikarudi kwetu, kando ya mto Lualaba.

Meli ya mizigo ilikuwa imezama karibu na gati letu la Lualaba, tumbo limejaa mazutu, na akina mama wakawa wanachota maji yanayong'aa mafuta. Mwenye meli alitaka mali yake. Sisi tulitaka mto wetu. Enjeniya aliyeajiriwa na mwenye meli akachora tangi la chuma la kushushwa kando ya meli ile, lipokee mafuta kwa bomba la mpira, pampu iyavute mpaka juu; kulichomelea nikapewa mimi.

Watu hudhani tangi la namna hiyo hupasuliwa na mafuta ya ndani. Hapana. Pampu ikivuta haraka, ndani panabaki patupu, na mto wote unaegemea ukuta wa nje. Ndiyo maana enjeniya alichora mbavu, vyuma vya duara vinavyoshikilia ukuta kutoka ndani.

Mwenye meli akaziondoa kwenye mchoro ili kazi iishe upesi.

"Mama Zaina," akaniambia, "mbavu za nini? Tangi si mbuzi. Maji iko laini."

"Kama iko laini, shuka wewe."

Wa kushuka alikuwa Shabani, mdogo wangu, mpiga mbizi. Angesimama ubavuni mwa tangi akikaza mpira. Likibonyea, lingemkamata palepale.

"Dada," aliniambia, "ukisema nishuke, nitashuka."

Sikusema ashuke. Asubuhi ya kulisukuma majini niliingia ndani ya tangi kwa mlango wake wa juu, nikakaa.

"Toka mule, tunachelewa," mwenye meli akafoka.

"Nishusheni nalo. Si mlisema lina nguvu?"

Enjeniya akachungulia. "Mama, unaniharibia kazi."

"Kazi yako ni mbavu ulizochora. Ziko wapi?"

Alitazama kuta tupu za ndani. Kisha akavua kofia, akaingia, akakaa kando yangu katika joto lile la tanuri. Nje, akina mama wakatua ndoo zao, wakakaa kulizunguka tangi. Mchana vyuma vikaletwa.

Nilizichomelea mbavu, nikapaka chaki. Ilibaki kavu. Pampu ilipovuta, tangi liliguna huko chini, na kamba ya Shabani ikatetemeka mkononi mwangu. Halafu akaivuta kama tulivyokubaliana: niko mzima.

Sasa nimestaafu. Tangi liko ukingoni, limebonyea kati ya ubavu na ubavu kama mbuzi aliyekonda, lakini penye mbavu halikusogea. Vijana wa atelie, mkiambiwa mpunguze chuma, njoni mliguse hapo.

Majuzi mchuuzi wa chuma chakavu kutoka Lusangi alikuja kulikata. Nikamwonyesha mlango wa juu. Magoti yananiuma, lakini bado ninapita, nikakaa ndani.