Zamu Yangu kwenye Beseni

Nakumbuka Alhamisi Kuu moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, nimekaa uani kwa Bi Agnesi, Mkunazini, namtazama anavyoosha miguu ya msichana mwingine, na moyo unanichemka. Bi Agnesi alikuwa mama yangu wa ubatizo. Mimi yatima, sikuwa na mwingine. Kila Alhamisi Kuu, kabla ya kwenda kanisani jioni, alituosha miguu sisi wasichana aliotulea, kwa kuwa Bwana Yesu aliwaosha wanafunzi wake. Siku zote alianza na mimi, nami nilijua kujidai kwa hilo.

Mwaka ule alikuja Yustina kutoka Tunguu, binti wa mchuma karafuu wa bara aliyefiwa na mkewe. Tangu aingie, nyumba nzima ikawa Yustina kala, Yustina kalala. Sikumpenda, sikufichi. Siku ile Bi Agnesi akamwita yeye kwanza. Miguu ilikuwa imempasuka kwa kutembea peku, basi akamwosha polepole, akimbembeleza kila alipoguna. Kijicho kilinishika.

Ilipofika zamu yangu, nikaikunja miguu ndani ya kanga.

"Miye sitaki. Nshaona nani anapendwa humu."

Bi Agnesi hakupandisha sauti. "Siku uliyoletwa hapa ulijaa funza vidoleni. Nilikaa na sindano mpaka adhana ya magharibi, weye umelala mapajani kwangu. Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Na Salome, dada yenu aliyeolewa, alinuna kwa ajili yako, papo hapo ulipokaa sasa."

Kumbe nilidhani kupendwa kwangu kulianza siku nilipoanza kukumbuka.

"Haya, lete mafuta ya nazi, umpake mwenzio," akasema.

Nilikwenda shingo upande. Nilipoinama, Yustina akaurudisha mguu nyuma.

"Usinishike, dada. Miguu yangu mibaya, utaona kinyaa."

Maneno yale yaliniuma. Nikauchukua mguu wake, wa baridi, umekakamaa kwa hofu, nikawaza jinsi nami nilivyoshikwa na vidole vyangu vya funza, kabla sijajua hata kusema ahsante. Nikalia, naye akanitazama asijue kanikosea nini. Baadaye kanisani padri aliposema Mungu alitupenda kwanza, maneno niliyoyakariri tangu utotoni, ndiyo mara ya kwanza nikahisi yananihusu mimi. Usidhani wivu ulikwisha palepale; nilikuwa nao mpaka Pasaka, ila haukuniamrisha tena.

Basi mwanangu, ukiona mwenzio anapendwa ukahisi unanyang'anywa, usikae pembeni ukanuna kama nilivyonuna mimi. Msogelee, umhudumie, japo kwa shingo upande, maana moyo una kawaida ya kuifuata mikono. Mungu hakupimii mapenzi kwa kibaba hata aseme yamekwisha kwa kuwa mwingine kafika. Alikupenda ukiwa huna la kumwonyesha, na hakuna mgeni wa kukutoa mahali pako.

Mungu akulinde, mwanangu, akutie nuru moyoni, na atakayekuja nyuma yako akukute umempisha nafasi ya kukaa. Amina.