Miaka Mitano ya Baba Kasonde

Nkandu alinishinda katika mafunzo ya kuiandikia mashine programu, na sikumwonea wivu hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Lubumbashi wanaosema mimi Bijou nasimulia habari hii kwa kijicho. Waseme. Maneno makali hayavunji mfupa.

Mwaka wa 1974 tulikuwa watoboaji wa kadi katika ofisi ya kampuni moja ya shaba. Tulichukua fomu ya mfanyakazi, tukaipiga kwenye mashine, ikatoka kadi ngumu yenye vitundu. Kadi moja, mtu mmoja: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuanza kazi. Vitundu hivyo vilisomwa na mashine kubwa ya kuhesabu, iliyokaa katika chumba chenye ubaridi ambao sisi hatukuwahi kupewa. Wakuu wakasema wanatafuta msichana mmoja aache kutoboa, aanze kuiandikia mashine amri zake. Tukajiandikisha sita, na kila Ijumaa tukafundishwa na Citoyen Mulenga; Citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana.

Zoezi la kwanza lilikuwa hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Mashine isome mwaka wa kuzaliwa, iutoe katika 1974. Jibu likifika hamsini na tano, iandike RETRAITE, yaani mtu huyo astaafu. Mimi nilisahau kuiambia isimame, ikaandika jina la mtu mmoja kurasa tisa. Wenzangu walinicheka mpaka machozi. Nkandu hakukosea hata nukta.

“Citoyenne,” Mulenga akamwambia, “programu yako njo ile tutatumikisha mu Desemba, kwa bantu yote.”

Kwa majaribio kila mmoja wetu alichukua kadi ishirini za kweli. Nkandu alitia na ya baba yake, kwa mapenzi tu, apate kuliona jina lake likitoka kwenye karatasi. Likatoka: KASONDE, 1919, RETRAITE.

Nilimwona anavyoikodolea macho. Baba Kasonde alikuwa jirani yangu katika kambi ya kampuni, ukuta kwa ukuta, na nyumba ya kambi ni ya anayefanya kazi. Ukistaafu, unatoka. Nkandu alikuwa na wadogo wanne wa shule, na mama yao alishazikwa. Tena huyo mzee mwenyewe hakuwa mzee. Gunia la unga alilibeba begani bila kuhema.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa kwao tukila bukari, ugali wetu, na samaki wa Kasenga. Nkandu akamuuliza baba yake alizaliwa mwaka gani hasa. Baba Kasonde akacheka.

“Mu 1937 tulitoka Kasenga na rafiki yangu Kunda, twende kutafuta kazi. Banataka bantu ya dix-huit ans, kumi na munane. Tukasema tuko na dix-huit. Muzungu akatuangaria mu meno, akaandika. Miye nilikuwa na treize, kumi na tatu tu.”

Akainuka, akaleta cheti chake cha ubatizo: Edouard, 1924. Majina ya Kikristo ya namna ile serikali ilikuwa imeshayapiga marufuku, lakini karatasi alikuwa ameihifadhi chini ya godoro. Basi alikuwa na miaka hamsini, si hamsini na tano. Tulifurahi kama watu waliookota kitu njiani.

Ijumaa iliyofuata Nkandu akatoboa kadi mpya yenye 1924. Lakini siku hiyohiyo Mulenga alikuwa ametuongezea hatua ya pili, ya kukamata kadi zilizotobolewa vibaya: mashine itoe mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kuanza kazi, na jibu likiwa chini ya kumi na nane, iandike FAUX, yaani kadi ina kosa. 1937 kutoa 1924, kumi na tatu. Mashine ikaandika: KASONDE, FAUX.

Nilikasirika, nikaipiga teke, nikaumia kidole. Kumbe dawa ilikuwa palepale.

“Andika alianza kazi mu 1942!” nikamwambia Nkandu. “Inafika dix-huit. Nani atayua?”

Akatoboa kadi ya tatu. Mashine ikaipitisha kimya, haikuandika lolote. Baba Kasonde alikuwa amepata miaka mitano zaidi ya nyumba. Lakini Nkandu hakutaka kuitia kwenye droo ya kadi za wafanyakazi kabla ya kumwambia mwenyewe.

Baba Kasonde alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatusimulia jambo ambalo hata binti yake hakulijua. Kunda alikufa mwaka wa 1940, katika shimo moja la shaba upande wa Kambove, mawe yalipomfunika. Kwenye karatasi alikuwa na miaka ishirini na moja. Kwa kweli alikuwa na kumi na sita.

“Kama munaandika nilianza mu 1942, ile miaka tano njo nani aliitumika? Miye njo nilimutosha Kunda chini ya majiwe, na hii mikono. Kama sikukuwako, nani alimutosha? Acha vile, mama.”

“Lakini Baba, nyumba!” nikasema.

“Nyumba iko ya bo, ba kampuni, Bijou. Ile miaka iko yangu.”

Nkandu akaichana kadi ya tatu mbele yake. Ilikuwa ngumu, ikamlazimu kuichana mara mbili.

Mwezi wa Desemba programu yake ilipita juu ya kadi zote, na baba yake akatoka RETRAITE pamoja na wengine. Nkandu akapandishwa cheo. Lakini kabla ya hayo, alipokuwa bado na kadi zake za majaribio, aliniomba nimtobolee moja: KUNDA, 1919, 1937. Akaitia nyuma ya ile ya baba yake, akazipitisha kwenye mashine, ikatoka karatasi. Mashine haikuulizwa kama mtu yu hai au amekufa. Ilijua kutoa tu.

Karatasi hiyo alimpa baba yake siku tuliyokuwa tukipakia vitu vyao kwenda Annexe, pembezoni mwa mji. Baba Kasonde hakuwa hodari wa kusoma, akaifuata kwa kidole. KASONDE, RETRAITE. KUNDA, RETRAITE. Kidole kikasimama pale kwenye mstari wa pili.

“Basi,” akasema, “tumetoka bote bawili.”

Nililia bila haya. Yeye akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akashika kitanda upande wa kichwa, akaningoja nishike upande wa miguu.