Chuma cha Mbele Kimepinda

Mzee alikuja karakanani kwetu mara ya kwanza Jumamosi moja asubuhi. Kabla sijamsalimia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, alinitazama usoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe wa bara au wa pwani?"

Nikamwamkia. Nikamwambia mimi ni wa bara, kusini ya Tanzania, na kwamba kabla ya kuja Dubai nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka tisa. Alifurahi. Yeye alizaliwa Unguja, akaletwa huku na wazazi wake angali mtoto, na sasa alikuwa amefiwa na mke, akiishi mtaa wa Al Twar na binti yake. Tangu siku ile hakutaka mtu mwingine aiguse bunduki yake ila mimi.

Nilikuwa fundi katika karakana ya klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji. Bunduki ya mzee ilikuwa ya zamani, ya wenzo, ile ambayo ukishusha chuma kilicho chini ya mkono na kukirudisha juu, risasi nyingine inaingia. Aliachiwa na marehemu kaka yake. Haikuwa na darubini, na mzee alisema asiletewe darubini. Alilenga kwa vyuma vitupu kama alivyolenga kaka yake: nyuma kuna kipande chenye pengo, mbele, kwenye ncha ya mtutu, kuna kijiti chembamba chenye nundu ya shaba. Unaikalisha nundu ndani ya pengo, unaiweka chini ya shabaha, unabana pumzi.

"Hiki chuma cha mbele kimepinda," aliniambia. "Kinaelekea kushoto, kama ndoana. Hebu kinyooshe."

Nilikipima kwa rula ya chuma. Kilikuwa kimenyooka. Nikaifunga bunduki kwenye stendi na kupiga risasi tatu kwa umbali wa mita hamsini. Matundu yote matatu yangefunikwa kwa sarafu moja. Kisha akapiga yeye, na risasi zake zikatawanyika kwenye karatasi nzima, moja nje kabisa.

Fundi hujifunza kusoma karatasi. Risasi zikikusanyika pembeni, chuma ndicho kibaya, unakisogeza. Zikipanda na kushuka, mara nyingi mpigaji haikalishi nundu sawasawa kwenye pengo. Zikitawanyika ovyo, nawe umeshaipiga bunduki hiyohiyo ukaiona nzima, basi uutazame mkono au jicho. Mkono wa mzee haukutetemeka hata kidogo. Nilimwangalia akilenga: alifumba jicho la kushoto, akabaki na la kulia, akakunja uso. Aliponyanyuka akafumbua yote mawili, uso ukakunjuka, akaniona vizuri na kunitania kuhusu ndevu zangu.

Nilijua hapo hapo. Sikujua jina la ugonjwa, ila kazini porini tulikuwa na mwenzetu ambaye mistari iliyonyooka ilianza kumpindia katika jicho moja, na mwaka haukuisha jicho lile likawa halifai.

Nilikwenda kwa msimamizi wetu, Mkenya wa Mombasa, mtu mwema kwa mambo mengi. Nikamweleza. Aliniuliza kama mimi ni daktari. Akasema wazee wa hapa ni watu wa heshima, ukimwambia mmoja kwamba haoni atakwenda klabu nyingine, na atakwenda na rafiki zake. "Sisi ni watu wa chuma, bro. Mwambie chuma, umbadilishie chuma, khalas."

Viza yangu ilikuwa mikononi mwa klabu ile. Nisingependa kuisema sababu hiyo, lakini ndiyo iliyokuwepo. Nikarudi kwa mzee nikamwambia kweli, chuma cha mbele kimechoka, tutaweka kipya.

Nilikigonga chuma cha zamani kikatoka kwenye mfereji wake, polepole, kwa kijiti cha shaba nisije nikaukwaruza mtutu. Nikaweka kingine kipana zaidi. Nundu yake nilikuwa nimeipiga tupa iwe bapa, maana nundu ya mviringo hushika jua upande mmoja, na jicho hudhani upande unaong'aa ndio katikati. Ilikuwa kazi nzuri. Mzee alilenga akasema ni afadhali, lakini bado kimepinda.

Wiki mbili baadaye nikakitoa chuma cha nyuma chenye pengo, na karibu na jicho nikafunga kidude chenye tundu dogo. Kwa tundu huna haja ya kupanga vitu vitatu. Unachungulia tu, na jicho lenyewe hutafuta katikati. Tundu hilo huwasaidia wazee wengi. Siku ile risasi tano zilikaa pamoja, na mzee akanishika bega.

"Mwanangu, umenirudishia bunduki ya kaka yangu," alisema.

Nilifurahi pia. Nilijiambia pengine nilikosea, pengine kweli kilikuwa chuma. Jioni, kwenye chumba tulichokaa watu sita kule Al Nahda, nilisimulia juu ya tundu lile kama mtu aliyetibu mgonjwa.

Furaha ile ilidumu mwezi na siku chache. Risasi zikaanza tena kutawanyika. Nikapanua tundu. Nikaongeza kimo cha chuma cha mbele, nikakipaka moshi wa mshumaa kisimetemete. Kila Jumamosi alikuja na lalamiko jipya, na kila Jumamosi nilikuwa na chuma kipya cha kumjibu. Mara moja nilifungua kinywa nimwambie aende hospitali, msimamizi akapita nyuma yangu, nikaishia kuuliza habari za nyumbani.

Mwezi wa sita wa mchezo ule, mzee alilenga kwa muda mrefu bila kupiga. Kisha akaiweka bunduki chini taratibu.

"Shabaha imeondoka," alisema. "Pembeni naona. Pale ninapotazama, hapana kitu."

Hakuja tena. Baada ya wiki tatu alikuja binti yake kutia saini karatasi za kuiuza bunduki. Alinieleza kwamba mishipa ilivuja nyuma ya jicho la kulia, na kwamba daktari alisema wangemwahi mistari ilipoanza kupinda, wangemdunga sindano za kuzuia. Sasa lililokwenda limekwenda, na jicho la kushoto nalo limeanza. Aliuliza kama ningeweza kwenda kumsalimia.

Nilikwenda Ijumaa, baada ya sala. Alikuwa amekaa sebuleni, uso ameugeuza upande ili anione kwa pembe ya jicho. Aliitikia shikamoo yangu, tukanywa kahawa. Aliuliza bunduki imenunuliwa na nani, nikamwambia.

"Wewe ulikuwa fundi," akasema. "Ulijua?"

"Hapana, Mzee," nikamjibu. "Nilidhani ni chuma."

Akatikisa kichwa. "Na mimi vilevile," alisema, kisha akanishukuru kwa taabu niliyoipata. Alinishukuru mara mbili.

Jicho la pili lilifuata kabla ya mwaka mpya. Mimi bado niko karakana ileile, na msimamizi ni yuleyule. Mwezi uliopita mteja mmoja wa makamo aliniletea bunduki akalalamika kwamba pengo la nyuma lina ukungu. Niliipiga mwenyewe, ikawa nzima. Nilimtazama machoni, nikamwuliza anataka chuma cha namna gani.